Maradhi ya Tana Yana wa Kuulizwa

Mwezi Mei 2024, Mto Tana ukiwa umevunja kingo zake na kufunika mashamba na vijiji kuanzia Madogo hadi nyanda za chini za Garsen, serikali ilithibitisha kuwa kipindupindu kimeingia Kaunti ya Tana River. Wagonjwa walihesabiwa kwa makumi. Kuna waliolipokea jambo hilo kama balaa lililoshuka ghafla, na kauli hiyo ndiyo tunayoikataa katika tahariri hii. Mvua za El Niño zilikuwa zimetabiriwa tangu mwaka uliotangulia. Mnamo Novemba 2023 mto huohuo ulikuwa umeshawatoa watu makwao kwa maelfu, na wengine walikuwa bado hawajajenga upya ulipofurika tena Aprili. Vyoo vya shimo vilivyozama mara ya kwanza vilizama mara ya pili. Yeyote ambaye kazi yake ni kujua mambo haya alikuwa anayajua.

Tena wakati huohuo madaktari wa hospitali za umma nchini kote walikuwa wamegoma. Mgomo ulianza katikati ya Machi na kusitishwa tarehe 8 Mei. Madai yao yalikuwa na msingi, na hatuna nia ya kuyapima hapa. Lakini mvutano kati yao na waajiri wao, serikali kuu na za kaunti, uliachwa uendelee hadi maji yakafika milangoni mwa watu, na aliyeumia zaidi ni yule asiye na pesa za zahanati ya binafsi wala nauli ya kufika Malindi, zaidi ya kilomita 100 kutoka Garsen, hata kama barabara ingepitika.

Kipindupindu hakihitaji dawa ghali. Mgonjwa hufa kwa kuishiwa maji mwilini, na akiwahi kupewa maji yenye chumvi na sukari kwa vipimo vyake, au dripu hali ikiwa mbaya, vifo hushuka chini ya mmoja kwa kila wagonjwa mia. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilipokea taarifa za wagonjwa zaidi ya 535,000 na vifo zaidi ya 4,000, na ukitazama ramani ya vifo hivyo umeitazama ramani ya watu wasio na maji safi wala vyoo. Msafiri anayeshuka London akiwa na kipindupindu hutibiwa, na ugonjwa unaishia kwake, kwa sababu kinyesi chake kinaingia kwenye mabomba ya majitaka na hakifiki kwenye kikombe cha jirani. Vijidudu ni vilevile. Garsen vinakuta njia imeshatengenezwa.

Tuutazame mto wenyewe. Tana, mrefu kuliko mito yote nchini, unaanzia Mlima Kenya na safu za Nyandarua. Kabla haujafika kwa Wapokomo na Waorma, umeshazungusha mitambo ya umeme katika mabwawa ya Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Mto Thika, mmoja wa mito inayouletea maji, umezuiwa Ndakaini. Maji yake husafishwa Ng'ethu na kupelekwa Nairobi, na ndiyo sehemu kubwa ya maji ya mifereji ya jiji hilo. Taifa hili basi linajua kuyasafisha maji ya bonde la Tana. Limefanya hivyo kwa miongo kadhaa, kwa wahandisi wake na kwa kodi za wote, wakiwemo wakulima wa mpunga na maembe wa Garsen. Mabwawa yakijaa na maji kufunguliwa au kufurika yenyewe, anayeyapokea ni huyohuyo mkulima ambaye bomba halijamfikia.

Ukifika kingo za mto karibu na Garsen asubuhi utawakuta akina mama na wasichana na mitungi ya lita 20, ile ya njano iliyokuwa ya mafuta ya kupikia. Anayeujua mto hachoti pale ng'ombe walipokanyaga. Anaingia mpaka magotini, macho yakitafuta mamba, anasukuma taka za juu kwa kiganja, kisha anauzamisha mtungi. Mdomoni mwa mtungi ametandika kipande cha leso. Maji yanayoingia yana rangi ya chai ya maziwa. Yakifika nyumbani huachwa usiku kucha yatulie, na asubuhi yale ya juu humiminwa polepole kwenye chombo kingine. Kwa macho yanaonekana safi. Tope limekaa chini, vijidudu havikukaa.

Watu wa afya humwambia achemshe. Ushauri ni sahihi na sisi tunaurudia. Lakini kuni za kuchemsha maji ya watu saba kila siku ni kuni zilezile za kupikia ugali, na mafuriko yakija zinalowa zote. Dawa ya kutibu maji hugawiwa ugonjwa ukishatangazwa, kisha hutoweka ugonjwa ukitangazwa kuwa umekwisha. Serikali inayokomea kwenye ushauri imemtwika mama wa kijiji cha Idsowe kazi ya kampuni ya maji, bila mshahara na bila vifaa, halafu mwanawe akiharisha inamuuliza kwa nini hakuchemsha.

Anayetaka ushahidi kwamba jambo hili huamuliwa ofisini asome habari za Hamburg, Ujerumani, mwaka 1892. Hamburg na Altona ilikuwa miji miwili iliyopakana, kiasi kwamba kuna mitaa ambayo upande mmoja ulikuwa Hamburg na wa pili Altona. Yote miwili ilikunywa maji ya Mto Elbe. Altona ilichota chini zaidi, baada ya majitaka ya Hamburg kuingia mtoni. Kwa hesabu ya kawaida ndiyo iliyopaswa kuangamia. Lakini Altona ilikuwa imejenga machujio ya mchanga, ilhali wakubwa wa Hamburg, jiji tajiri la wafanyabiashara, walikuwa wamebishana juu ya gharama kwa miaka mingi. Kipindupindu kikaua watu zaidi ya 8,600 Hamburg katika muda wa wiki chache, na waliokufa kwa wingi zaidi walikuwa wa mitaa ya maskini. Altona ilipona kwa kiasi kikubwa. Mwaka uliofuata Hamburg ilikuwa na machujio yake. Fedha zilikuwapo muda wote.

Garsen nayo iko chini ya mto. Machujio ya mchanga ni teknolojia ya zaidi ya karne moja na nusu, haihitaji mitambo ya ajabu, na mchanga wa Tana hauishi.

Maji si mlango pekee. Mafuriko ya Tana huamsha pia mbu, na kwa wafugaji hatari hiyo ina historia ya damu. Mayai ya mbu aina ya Edesi hulala kwenye udongo mkavu wa madimbwi kwa miaka, mengine yakiwa tayari na virusi vya Homa ya Bonde la Ufa. Mvua kubwa ikisimamisha maji kwa wiki kadhaa, huanguliwa. Kondoo, mbuzi na ng'ombe hutupa mimba, na watoto wa mifugo hufa kwa wingi. Ndipo zamu ya watu inafika. Ilikuwa hivyo wakati wa El Niño ya 1997 na 1998, mafuriko yaleyale yaliyoharibu mradi wa mpunga wa Delta ya Tana. Ikawa hivyo tena kuanzia mwisho wa 2006, ambapo Garissa, Ijara na Tana River zilikuwa miongoni mwa wilaya zilizoathirika, na zaidi ya watu 150 walifariki nchini kabla ya ugonjwa kuvuka hadi Tanzania.

Mara hiyo ya pili onyo lilitangulia. Wanasayansi waliokuwa wakifuatilia joto la bahari, mvua na uoto kwa satelaiti walionya wiki kadhaa kabla ya wagonjwa wa kwanza kutambuliwa. Chanjo ya mifugo ilikuwapo na hutengenezwa hapahapa Kenya, lakini ina sharti moja lisilo na mjadala: itolewe kabla ya mafuriko. Ugonjwa ukishaingia zizini, sindano inayopita kutoka mnyama hadi mnyama inaweza kuueneza. Onyo lisilofuatwa na chanjo ni karatasi.

Wako wanaowalaumu wafugaji kwa kula mizoga. Hao hawajakaa na mfugaji. Mbuzi anapolegea usiku, mwenyewe anajua kwamba akifa bila kuchinjwa ni nyamafu, haliwi, na familia imepoteza karo ya muhula mzima. Hivyo anaamka, anatafuta kisu na tochi, anamchinja kabla roho haijatoka. Damu inampaka mikono na usoni, na mkewe na wanawe wanashika miguu, wanachuna, wanakatakata. Ndivyo virusi vya homa hiyo vinavyoingia mwilini, sawa na kwa anayemtoa ndama aliyekufa tumboni kwa mikono mitupu. Mtu huyu hakosi akili. Amepiga hesabu, na hesabu ya maskini ina safu mbili tu: kupoteza leo kwa hakika, au kuhatarisha kesho. Mwenye bima ya mifugo, au aliyeahidiwa fidia kwa mnyama mgonjwa atakayemripoti, angepiga hesabu nyingine. Tunaitaka serikali ianzishe fidia hiyo katika misimu ya tahadhari, kwa sababu ndiyo njia ya hakika ya kupata taarifa mapema. Soko la Garissa lilipofungwa na biashara ya mifugo kupigwa marufuku wakati wa mlipuko ulioanza mwisho wa 2006, hasara ilimwangukia mfugaji peke yake, na somo alilolipata ni kunyamaza mara nyingine.

Wakubwa wa mbali nao wasidhani ni habari za watu wa porini. Septemba 2000 Homa ya Bonde la Ufa ilitokea Saudi Arabia na Yemen, mara ya kwanza kuonekana nje ya Afrika, na virusi vyake vilifanana sana na vile vya Afrika Mashariki vya 1997 na 1998. Karibu zaidi na hapa, katikati ya 2004, Lamu ilipigwa na homa ya chikungunya. Hayakuwa mafuriko mara hiyo, ulikuwa ukame: maji yalikuwa haba, watu wakayahifadhi muda mrefu kwenye mapipa na matangi majumbani bila kuyabadilisha, na mbu wakazaliana humo. Uchunguzi ulikadiria kuwa watu watatu katika kila wanne mjini Lamu waliambukizwa. Kutoka pwani yetu ugonjwa ulielekea Komoro, ukafika Réunion ukaambukiza zaidi ya robo milioni ya watu katika kisiwa hicho cha Ufaransa, ukaingia India, na mwaka 2007 ukatokea kijijini Italia. Pipa la maji la nyumba isiyo na mfereji wa kutegemewa lilikuwa jambo la dunia nzima kabla dunia haijajua Lamu iko wapi.

Yapo pia maradhi yasiyopigiwa kelele kwa sababu hayaui kwa siku mbili. Kichocho ni mojawapo. Mtoto wa bonde la Tana huoga mtoni, huvua samaki, hucheza kwenye mifereji ya mashamba, na viluwiluwi vinavyotoka kwenye konokono wa majini hupenya ngozi yake bila yeye kuhisi kitu. Baada ya muda anakojoa damu. Wavulana wengine huona ni jambo la kawaida la kukua, kwa kuwa wenzao wote wamelipitia. Damu hiyo ni nguvu za masomo zinazopotea kidogokidogo, na kwa msichana ni vidonda vya njia ya uzazi vinavyovirahisishia virusi vya Ukimwi kuingia. Dawa yake ipo, hutolewa shuleni, na inafanya kazi. Jioni hiyohiyo mtoto anarudi mtoni, kwa sababu nyumbani hakuna maji mengine. Matende na mabusha nayo yangali yanawaandama watu wa pwani, kuanzia Kwale hadi Lamu, na mwenye mabusha huona aibu kufika hospitali hata pale upasuaji unapotolewa bure. Dunia nzima watu zaidi ya bilioni moja wanahesabiwa kuwa katika hatari au mateso ya maradhi ya aina hii, yaliyopewa jina la maradhi yaliyopuuzwa. Tungependa kujua nani aliyapuuza.

Sehemu kubwa ya dawa hizo imekuwa ikija kwa hisani ya makampuni na wafadhili wa nje. Tunawashukuru. Lakini Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje kwa agizo la rais, na miradi ya afya ikatikisika toka Turkana hadi Pwani ndani ya siku chache. Afya ya raia wa Kenya haiwezi kuwekwa juu ya sahihi ya mtu ambaye raia huyo hakumpigia kura.

Sheria iko wazi. Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya kiwango cha juu kabisa cha afya kinachoweza kufikiwa, ya usafi wa mazingira unaoridhisha, na ya maji safi na salama ya kutosha. Jedwali la Nne linaikabidhi serikali ya kaunti huduma za afya za kaunti pamoja na huduma za maji na usafi. Kifungu cha 204 kikaunda Hazina ya Usawazishaji, nusu ya asilimia moja ya mapato ya taifa kila mwaka, kwa ajili ya maji, barabara, vituo vya afya na umeme katika maeneo yaliyoachwa nyuma. Tana River ilitajwa miongoni mwa kaunti 14 za mwanzo zilizostahili. Kisha fedha hizo zikakwama kwa miaka katika mabishano ya nani azisimamie, mpaka mahakamani. Watoto waliozaliwa Katiba ilipopitishwa wamemaliza shule ya msingi wakinywa maji yaleyale.

Nairobi itasema maji na afya vimegatuliwa. Kaunti itasema fedha hazijafika. Majibu hayo mawili yamekwisha kusikika vya kutosha, na tunayakataa yote mawili. Wizara ya Afya haiwezi kugatua wajibu wake wa kuzuia milipuko, wala serikali kuu haiwezi kuyahesabu mabwawa kuwa yake na maji yanayofurika kutoka humo kuwa ya kaunti. Nayo serikali ya Tana River haiwezi kusubiri fedha kutoka juu ili kuinua vyoo vya shule, kuwalipa wahamasishaji wa afya ya jamii posho zao kwa wakati, au kuweka akiba ya dawa ya maji Garsen, Ngao na Tarasaa kabla barabara hazijakatika. Hayo ni mambo ya bajeti ya kawaida na ya msimamizi anayefika kazini. Bima mpya ya afya ya jamii, iliyoanza Oktoba 2024, imeweka kima cha chini cha shilingi 300 kwa mwezi kwa asiye na mshahara, naye alipoanza kuandikishwa alitakiwa alipe ya mwaka mzima kwa mkupuo. Kwa kaunti ambayo zaidi ya nusu ya watu wake ni maskini kwa vipimo vya serikali yenyewe, serikali ina wajibu wa kuwalipia wasio na uwezo, na majina yao inayo.

Wananchi nao hatuwaachi. Mwenye nafasi ya kuchimba choo asisubiri mhisani. Mchuuzi wa mifugo anayepitisha mnyama mgonjwa usiku kukwepa daktari wa mifugo anajua anachokifanya, na jirani anayemficha anajua pia. Mzazi anayemkatalia mtoto chanjo amhoji mwenye uvumi kwanza. Wazee wa Gasa kwa Wapokomo na wa Matadeda kwa Waorma wana neno linalosikika kuliko tangazo lolote la redio: wakae pamoja wakubaliane juu ya malka, yaani njia za mifugo kufika mtoni, mifugo inywe mahali pake na watu wachote mahali pao, juu ya mto kuliko mifugo. Maimamu na wachungaji wanaohubiri kuwa ugonjwa ni kadari, wakumbuke kuwa hata mafunzo yao yanaamrisha usafi na yanakataza kujitia katika maangamizi.

Tunalitaka Bunge la Kaunti ya Tana River liwaite wakuu wa idara za afya, maji na mifugo pamoja na wasimamizi wa mabwawa ya juu, waeleze hadharani ni vijiji vingapi vya kingo za Tana vina maji yaliyosafishwa, chanjo ngapi za mifugo ziko ghalani, na nani atakayewapigia simu machifu maji yakifunguliwa. Kikao hicho kifanyike kabla ya masika, na kifanyike Garsen. Hazina ya Usawazishaji inafikia kikomo chake Agosti 2030.